Benchi la Koko Mlangoni pa Upasuaji

Mrija wa kunyonyea makohozi ulivuta mafuta. Hatukuona damu wala maziwa. Yalikuwa mafuta ya kondoo, ya njano, yameanza kuganda kwenye chupa ya mashine, na harufu yake ikajaa chumba cha upasuaji kama jikoni siku ya sherehe. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mtoto, maana hiyo ilikuwa kazi yangu mpaka mtoto alale. Miguu ilikakamaa, halafu ikalegea mikononi mwangu kabla ya wakati wake.

"Mafuta haya, Mama Paskalina," Sulle aliniambia. Hakuwa ananiuliza.

"Mgeuze ubavu. Vuta tena," alisema Dokta Neema.

Sulle ndiye nesi wetu wa usingizi. Alivuta, akavuta tena. Dokta Neema, daktari wetu wa upasuaji wa watoto, aliweka kisu chini kabla hakijagusa ngozi, akaanza kubonyeza kile kifua kwa vidole. Alibonyeza mpaka jasho likamtoka puani. Lakini mapafu yalikuwa yameshakunywa mafuta. Mtoto Lemayan wa Endulen, aliyekuwa na meno mawili tu ya chini na anacheka na kila mtu, hakuamka.

Ya nje yakawa mabaya kuliko ya ndani. Pale uwanjani, mbele ya wagonjwa na ndugu zao, katibu wa hospitali yetu, Bwana Kisamo, alimnyooshea kidole bibi yake Lemayan akasema, "Huyu bibi ndiye aliyemuua mtoto. Kamlisha mafuta." Siku zote mimi ndiye niliyekuwa natafsiri Kimaasai pale hospitalini. Siku ile nilifunga mdomo. Haikusaidia. Yule mama mzee hajui Kiswahili, lakini kidole alikijua, na neno mafuta alilijua. Alifungua shuka lake, akatoa kibuyu kidogo, akakitazama, akakiweka chini kama mtu anayesalimisha silaha. Akaenda zake bila kulia.

Mpaka leo anaamini yeye ndiye aliyemuua mjukuu wake. Mimi najua si yeye. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye barua zangu zote maishani nimeandikiwa na wanangu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi za hospitali: manesi, wahudumu, madaktari wapya mnaotembea na simu mkononi. Nitawaeleza tulivyojifunza kupasua watoto, na tulivyokuwa wazuri. Tulikuwa wazuri sana, sioni aibu kusema. Na nitawaambia nani aliharibu. Nitawataja, maana sijawahi kuona ugonjwa unaopona bila kutajwa.

Mimi ni mtu wa Qurus, Mwiraqw, darasa la saba. Baba yangu alikuwa fundi mwashi na alipata kazi ndefu Endulen nikiwa mdogo, kwa hiyo nilikua nachota maji na wasichana wa Kimaasai, na lugha yao ikaniingia kama inavyoingia lugha ya michezo. Hospitali ya hapa Karatu ilinichukua kwa kufua. Kutoka kufua nikapelekwa kuchemsha vyombo, kutoka kuchemsha vyombo nikawa mhudumu wa chumba cha upasuaji. Nimestaafu kwa hiari kabla ya umri wangu, ila hiyo hiari ilikuwa ya Bwana Kisamo kuliko yangu.

Zamani mtoto akizaliwa huku kwetu hana njia ya haja kubwa, alikuwa hana bahati. Wapo wanaozaliwa hivyo, msishangae. Sehemu imezibika, ngozi tupu. Tumbo linavimba kama ngoma. Tulikuwa tunawaandikia rufaa, na barabara ilikuwa inamaliza kazi. Mama anatoka Wasso na basi, vumbi, mashimo, anafika Karatu mtoto amebadilika rangi, tunamwambia aendelee mbele. Wengine walikuwa wanageuza pale pale getini na kurudi nyumbani wakafie kwao. Niliwaona hao. Nikawa napenda kujificha kwenye chumba cha vyombo wanapokuja.

Ndipo akaja Dokta Marta. Mama wa Kizungu, mfupi, nywele nyeupe, miguu kama ya mchunga ng'ombe. Alikuja na wenzake wawili, na watu wote wakadhani ni kama wageni wengine: watapasua watoto kumi, watapiga picha, watashuka kreta ya wanyama kuona faru, kwaheri. Siku ya kwanza akakataa kupasua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akasema, "Mimi sipasui. Mimi fundisha. Nani mikono?"

Dokta Neema alikuwa ameajiriwa juzi tu, mwembamba, sauti haisikiki. Akainua mkono nusu, kama mtoto asiyejua jibu.

"Haya," akasema Dokta Marta. "Leta utumbo."

Nikatumwa mimi sokoni kwa wachinjaji kununua utumbo wa mbuzi. Kila asubuhi. Dokta Neema anaukata na kuushona, Dokta Marta anajaza maji ndani. Ukivuja, anaukata tena bila kusema neno. Sulle ndiye aliyekuwa anaumia. Alikuwa mtu wa supu.

"Dokta," alisema siku moja, "huu utumbo ukishatoka hapa unakwenda wapi?"

"Shimoni."

"Shimoni! Jamani, mbuzi mzima alikufa kwa ajili ya huu."

"Una uzi ndani, wewe," Dokta Neema akamwambia.

"Nitatafuna pembeni."

Basi siku ile ambayo utumbo haukuvuja hata tone, Dokta Marta mwenyewe akausuuza, akaniambia nichemshe. Tulikula supu ya utumbo ulioshonwa na uzi wa ng'ambo. Sulle alitoa uzi mdomoni akaupima na wa Dokta Marta, akasema, "Mishono ya Neema ni midogo kuliko yako, mama." Na ilikuwa kweli. Mzungu alicheka akapiga meza.

Niwape la kufanyia kazi, maana hadithi bila faida ni kelele. Mtoto mchanga hafi kwa kisu peke yake, baridi pia inamuua. Karatu mnaijua mwezi wa saba, ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka unaingia kwenye mikono ya koti. Chumba kipashwe joto mpaka daktari alalamike. Daktari asipolalamika, bado. Maji ya uvuguvugu yawekwe kwenye chupa za plastiki, zifungwe kwa kitambaa, zipangwe pembeni mwa mtoto, na uziweke shavuni pako kwanza kama unavyojaribu uji. Kichwa kivalishwe kofia. Mimi nilifuma kofia hizo kwa mkono, nyekundu zote, ili mtoto asipotee kwenye mashuka ya kijani.

Na mishumaa. Hapa wageni wote wanacheka, halafu wanaacha kucheka. Mtoto akishatengenezewa njia, ile njia inataka kuzibika kama tundu la sikio usipovaa hereni. Lazima mama aipanue kila siku, miezi na miezi, na vyuma vya kupanulia vya hospitali haviwezi kwenda bomani na kila mama. Dokta Marta akatufundisha kuchonga mshumaa. Unachukua mshumaa wa dukani, unaukwangua kwa kisu ukiwa umelowa maji ya moto, unaulainisha kwa kidole mpaka uwe kama kidole cha mtoto, unapaka mafuta mepesi. Unaanza na mwembamba, kila baada ya muda unaongeza. Nimewafundisha mama wengi hiyo kazi. Mama wa kwanza alilia, akaniita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, nitamuumiza mwanangu." Nikamwambia, "Utamuumiza kidogo leo ili ale harusini kwake." Wala msimfundishe mama mbele ya wanaume. Na msimfundishe kwa mdomo. Afanye yeye, mkono wako uwe juu ya mkono wake.

Mtoto wa kwanza kufungwa kabisa, yaani kumaliza upasuaji wote, kuanzia tundu la muda la kutolea haja tumboni, mpaka atumie njia yake mwenyewe, tulimngoja wodini kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu mama yake akapiga kelele, "Amekunya!" Wodi nzima ikapiga vigelegele. Daktari wa meno alitoka chumbani kwake akauliza nani ameolewa. Sulle akamjibu, "Mkubwa, ni mavi." Nimewahi kusikia watu wakisifu mambo mengi, sijasikia neno lililonifurahisha kama lile.

Sasa lile benchi.

Mtoto wa kike aitwaye Naserian aliletwa kutoka upande wa Endulen kwa upasuaji mkubwa, ule wa kutengeneza njia. Mama yake aliambiwa asimnyonyeshe toka alfajiri. Mnajua kwa nini: mtoto akilazwa usingizi na tumbo limejaa, kilichomo kinapanda na kuingia mapafuni. Mama akatii. Tumeingia, Sulle ndio kwanza anaweka barakoa, mtoto akatapika mafuta. Alikuwa hajalala bado. Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Sulle alimgeuza na kumfuta haraka kuliko mtu anavyopiga chafya. Upasuaji ukaahirishwa.

Watu walikasirika. Nesi mmoja alimfokea mama, mama anaapa kwa Mungu wao, "Sijamnyonyesha! Enkai anaona, sijamnyonyesha!" Na kweli alikuwa hajanyonyesha. Dokta Neema akatoka nje, akamkuta bibi wa mtoto amekaa kwenye benchi la korido, mkao wa mtu asiye na shida. Bibi kwa Kimaasai ni koko. Dokta Neema akakaa naye, akaniita nitafsiri, akaanza na salamu ya Kimaasai aliyoijua.

"Takwenya, koko."

"Iko."

"Koko, Naserian amekula nini asubuhi?"

"Nimempa mafuta ya kondoo."

"Kwa nini, koko? Tulisema asipewe kitu."

Yule mama mzee alimtazama kwanza yeye, halafu mimi. "Mlimkataza mama yake. Mimi hamkunikataza. Mnampeleka mtoto mahali ambapo mimi sifiki. Nani anamwacha mtoto aende safari koo kavu, bila baraka?"

Mimi nilitafsiri kama najisemea mwenyewe, maana na kwetu Qurus bibi hulambisha mtoto samli, na sijawahi kusikia mtu akiita hiyo kulisha. Dokta Marta alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza akasema, "Haki yake. Hatukuuliza yeye."

Dokta Neema, yule mwenye sauti ndogo, akauliza swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko upasuaji wote alioufanya. "Koko, hiyo baraka lazima ipite mdomoni? Hakuna mahali pengine pa kumpaka?"

Koko akafikiri. "Utosini panafaa. Na nyayoni, kwa safari."

"Basi tunakuomba uje umpake wewe mwenyewe, hapa mlangoni, kabla hajaingia. Na tunakuomba jambo lingine. Kuanzia mama anapoacha kunyonyesha, nani atahakikisha mtu mwingine hampi kitu?"

Koko alicheka, mashimo ya masikio yakacheza. "Nani atapita mbele yangu?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jioni ya kabla ya upasuaji tunamtafuta bibi wa mtoto. Kama hakuna bibi, shangazi, au yeyote ambaye nyumba ile inamsikiliza. Tunakaa naye, tunamweleza yeye, si mama peke yake: kitu kikipita mdomoni kinaingia kwenye pumzi. Tunamkabidhi mtoto alinde. Asubuhi ananawa mikono, anakuja mpaka kwenye mstari mwekundu sakafuni, anampaka utosini na nyayoni, anasema maneno yake, anamkabidhi kwa Sulle kwa mikono yake miwili. Halafu anakaa kwenye benchi mpaka tutoke.

Na walivyolinda! Koko mmoja alimpiga Sulle kofi la mkono alipokuja na dawa ya matone aliyoiagiza daktari. "Hapewi kitu!" Sulle akaja kushtaki huku anacheka, "Nimefukuzwa wodini na bibi wa miaka mia." Bibi wa Kiiraqw na bibi wa Kimaasai walikaa benchi moja, watu ambao babu zao walichukuliana ng'ombe, wakapeana ugoro. Ukitaka kujua hali ya nchi, kaa kwenye benchi lile. Niliyasikia mengi pale kuliko kanisani.

Toka siku ya Naserian, benchi likiwepo, hatukutoa tena mafuta kwenye pumzi ya mtoto. Miaka na miaka. Naserian mwenyewe sasa ni msichana wa shule, mrefu, ananisalimia mnadani na kunibebea kapu.

Siku ambayo Dokta Neema alifanya upasuaji mkubwa peke yake, nilimtafuta Dokta Marta ndani nikamkosa. Nikafungua mlango. Alikuwa ameketi kwenye benchi katikati ya koko wawili, mikono ameikalia.

"Dokta, huingii?"

"Nikiingia, mikono itataka," akasema. "Hapa wananishika."

Na kweli koko mmoja alikuwa ameshika kiwiko cha mkono wake. Alikaa hivyo mpaka mwisho. Dokta Neema alipotoka na kofia imelowa, Dokta Marta hakumpongeza. Alimsogelea akamuuliza, "Kunywa chai?" Wakaenda. Mwaka uliofuata hakuja. Alituma salamu kwamba sasa hatumhitaji, na sisi tukaelewa hiyo ndiyo zawadi.

Baadaye tukawa walimu sisi. Zilikuja timu kutoka mikoa mingine kukaa nasi, na siku moja tukaalikwa Malawi kufundisha hospitali ya huko. Sulle, Dokta Neema, na mimi. Mimi Paskalina wa Qurus nilipanda ndege, nikashika mkono wa Sulle mpaka akalalamika. Kule niliwaeleza habari ya benchi. Manesi wao wakaandika: mafuta, utosi, nyayo. Nikawaambia, "Hapana, futeni. Msichukue mafuta yetu. Chukueni swali letu: hapa kwenu, nani hajaulizwa?" Wakaacha kuandika. Nesi mmoja akasema polepole, "Mjomba. Kwetu mjomba wa mtoto ndiye mwenye neno, na sisi tunaongea na mama na baba tu." Wakaenda kutafuta benchi la mjomba. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo. Hata mume wangu aliona, akasema, "Naona umerefuka." Nikamwambia, "Nimerefuka."

Sasa nimtaje. Bwana Kisamo alikuja kuwa katibu wa hospitali akitokea kwenye biashara ya hoteli za watalii, na aliikuta hospitali akaiona kama hoteli chafu. Sina neno na rangi aliyopaka wala maua. Lakini alikuwa na wageni wake, watu wanaopita kutoka kwenye loji kuja kuona hospitali ya kijijini, na aliwapitisha korido ile ile. Siku moja alisimama mbele ya benchi, pua juu.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Ni mafuta, Bwana Katibu," nikasema. "Bibi anabariki."

"Kubariki ni kanisani. Hapa ni hospitali. Tazama ukuta!" Ukutani palikuwa na alama za vichwa, mahali ambapo wale bibi walikuwa wanaegemea. "Kuanzia kesho mtoto anabaki na mama yake tu. Wengine nje ya geti, waje saa ya kuona wagonjwa kama watu wengine."

Akaweka geti la nondo kwenye mlango wa wodi, akaweka mlinzi. Benchi akalihamishia mapokezi, chini ya picha ya tembo. Wageni wake wanalikalia wakingoja kahawa.

Sulle alimfuata akamweleza vizuri, kwa heshima, kwa nini tuna lile benchi. Kisamo akamjibu, "Mama si anaelezwa? Basi. Ni mtoto wake." Dokta Neema akaenda kwa mganga mfawidhi, Dokta Mwombeki. Huyu ni mganga mkuu wa hospitali, mtu mwenye uwezo wa kumwambia Kisamo hapana. Na alijua. Alishakaa pale koridoni akaona kazi ya benchi kwa macho yake, akalisifia mbele ya Dokta Marta. Akasema, "Fuateni utaratibu mpya kwa sasa, tutaliongelea kwenye kikao." Kile kikao mpaka leo hakijafika.

Ndipo akaja Lemayan na mama yake na koko wake. Koko aliishia getini. Jioni tulimtafuta. Sulle aliomba mlinzi amruhusu kwa dakika chache tu, mlinzi akasema, "Kaka, mimi nina watoto. Amri ya Katibu." Tukatoka wenyewe kumtafuta nje, hatukumwona, mlinzi akasema amekwenda kulala kwa ndugu zake mjini. Kumbe alikuwa nyuma ya wodi, upande wa bomba la maji, amejikunja chini ya dirisha la mjukuu wake. Koko gani atalala mjini wakati mjukuu wake anapelekwa mahali yeye asikofika?

Asubuhi Sulle alimuuliza mama, nami nikatafsiri. Umemnyonyesha? Hapana. Umempa chochote? Hapana. Mtu yeyote amempa chochote? Mama akatazama chini, akasema hapana. Ana miaka kama kumi na saba, na mama mkwe wake alimwambia nyamaza. Mnataka amsikilize nani kwanza, mtu aliyekutana naye jana, au mama wa mume wake?

Koko alikuwa ameyeyusha mafuta kwenye moto wa wapika uji nje, akapitisha kibuyu kwenye nondo za dirisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye. Mkono wake ulipita mpaka kwenye kiwiko, akamnywesha mtoto kwa kidole, taratibu, mpaka kibuyu kikaisha. Hakuna aliyemweleza kwa nini asimpe. Angeambiwa, angekaa pale mlangoni na fimbo na hata mimi nisingepita na kijiko.

Baada ya hapo Sulle alihamishiwa zahanati ambako hakuna mashine hata moja ya usingizi. Dokta Neema aliacha kazi, yuko nchi nyingine anafundisha, na nasikia ameweka benchi. Mimi nikaambiwa nimechoka, nipumzike. Timu iliyofundishwa miaka yote ile ilivunjwa kwa muda ambao mtu anaotesha mahindi. Watoto wanaandikiwa rufaa tena.

Nilikwenda Endulen. Nilimkuta koko wa Lemayan nje ya nyumba yake. Mtoto mwingine wa boma alikuwa amezaliwa juzi, na mama yake alimleta apakwe. Koko akaficha mikono ndani ya shuka.

"Mpeleke kwa mwingine," akasema. "Yangu inaua."

Nikamweleza yote, geti, benchi, Katibu, kwa Kimaasai chepesi kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishika bega, akasema, "Wewe una huruma, mwanangu. Lakini yule mwanaume mkubwa hakusema hivyo."

Basi hilo ndilo. Neno langu halitoshi. Mimi ni mfuaji aliyejua kushika miguu ya watoto. Atamwamini yule aliyemnyooshea kidole.

Vijana, mkishika kazi, ulizeni nani hajaulizwa. Mengine mtafundishwa.

Na wewe Bwana Kisamo, bado uko kwenye kiti chako, na wewe Dokta Mwombeki, bado unangoja kikao. Simdai mtu jela. Nataka mlitoe lile benchi chini ya tembo, mlipandishe kwenye gari la hospitali, mpite geti la hifadhi ya wanyama mpaka Endulen. Mliweke mbele ya nyumba ya yule bibi, yeye akalie, ninyi msimame. Mimi nitatafsiri, bure. Halafu Bwana Kisamo, mbele ya boma lote, kwa sauti ile ile uliyotumia pale uwanjani, mwambie nani alifunga mlango.